Mawe Tisa ya Tangi la Samaki

Ukioa kwa watu, uliza. Uliza mpaka wakuchoke. Luqmani hakuuliza, na ndiyo maana tupo hapa.

Alikuwa fundi vioo, Mrangi wa Kondoa. Kazi ndiyo iliyomleta Morogoro, akaoa mtaa wa Bigwa, akajenga chumba na sebule chini ya mlima. Mikono yake ilijua kazi, hilo halina ubishi. Na jioni ile ya Jumatano, jua likizama nyuma ya miti, mikono hiyohiyo ilikuwa ndani ya dimbwi la kijito, chini ya migomba ya Bibi Semeni, bibi mzaa mama wa mkewe. Alikuwa anatafuta mawe ya kuweka kwenye tangi la samaki.

Tangi lenyewe dogo, lita kumi tu. Alilitengeneza kwa vipande vya vioo vilivyobaki dukani, akaviunga kwa silikoni, akayaacha maungio yakauke siku mbili. Lilikuwa la mkewe, Faraja. Faraja alikuwa na mimba ya miezi minane na ushee, presha inapanda, na hospitali walisema alale tu, asishike hata ufagio. Wala haikuwa mimba ya kwanza. Watoto wawili walishatangulia mbele ya haki, kila mmoja siku chache tu baada ya kuzaliwa, hata jina hajapewa. Basi Faraja akawa analala anatazama ukuta, kutwa nzima, na Luqmani roho inamuuma. Akaona heri atazame samaki.

Maji alishayaacha siku tano yaishiwe ile dawa ya bombani. Pampu ya hewa ilitoa mapovu vizuri. Muuza samaki wa Dar alimtumia samaki watatu wadogo wenye mikia ya rangi, ndani ya mfuko wa nailoni, akamsisitizia kwa simu: "Tafuta mawe ya mtoni yenye utelezi. Usiyachemshe, usiyasugue. Ule utelezi ndio uhai wa maji."

Na mawe ya pale dimbwini, jamani, yalikuwa mazuri. Meupe, laini, madogo kama mayai ya kuku wa kienyeji, yamelala kwa mstari chini ya maji yaliyotulia. Utelezi wa kijani ndiyo usiseme.

Luqmani hakuwa mtu wa kudharau vya watu. Alijua kule mlimani hakichukuliwi kitu kimyakimya. Akasimama wima, akasema kwa sauti:

"Hodi, wenyewe. Mimi mume wa Faraja. Nimekuja kuchukua mawe kidogo."

Kimya...

Vyura nao wakanyamaza.

Akachukua tisa, akayafunga kwenye kitambaa, akaanza kushuka. Hapo ndipo aliposikia harufu. Mafuta ya nazi na maziwa ya mama, harufu ya chumba cha mzazi. Akageuka. Migomba tu. Akajicheka, akaongeza mwendo, lakini hakugeuka tena mpaka kwake.

Alipoyapanga mawe kwenye tangi na kuwaachia samaki, Faraja aliinuka kwa kiwiko pale kitandani. Hakutazama samaki hata mmoja.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Kijitoni."

"Kijitoni wapi, Luqmani?"

"Kule kwa bibi. Mazuri, eh?"

 Faraja alinyoosha kidole akagusa kioo, mbele ya mawe mawili yaliyolala pamoja. Machozi yakamtiririka. Luqmani akadhani ni furaha. Wanaume bwana! Usiku ule mkewe alikula ugali akamaliza, kitu ambacho hakijatokea mwezi mzima, na mume akalala akijisifu.

Alhamisi asubuhi mawe yalikuwa yamehama. Aliyaacha yametawanyika. Sasa yalikuwa yamejipanga kwenye kioo cha upande wa kitanda, yote tisa, bega kwa bega.

"Umeyagusa?"

"Si nimeambiwa nisiinuke?" Faraja akasema, akatabasamu.

Samaki nao walikuwa wamejibana pembe ya mbali kabisa, juu, vinywa nje ya maji. Luqmani akaangalia pampu, nzima. Akabadilisha maji kidogo, kama alivyoelekezwa. Haikusaidia. Ijumaa akafa mmoja. Jumamosi asubuhi wawili waliobaki nao walielea, hawana jeraha wala doa.

"Nitaagiza wengine," akasema.

"Wa nini? Hawa wananitosha."

"Hawa akina nani?"

Faraja akamgeuzia mgongo, akawa anaimba chinichini wimbo wa kubembelezea mtoto.

Jioni hiyo Luqmani alikuwa sebuleni anasubiri magharibi. Akasikia.

Tik... tik... tik...

Sauti ya ukucha mdogo kwenye kioo. Inagonga, inatulia, inagonga tena. Na ile harufu ikapita chini ya mlango, nazi na maziwa, nzito safari hii. Akaingia mbio. Faraja alikuwa amelala, mikono juu ya tumbo, macho kwenye tangi.

"Faraja, mtoto anacheza?"

"Ametulia."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Juzi! Na wewe umenyamaza?"

"Hajambo," mkewe akanong'ona. "Anawasikiliza wenzake."

Luqmani aliogopa, tusimfiche.  Hakuogopa tangi wala mawe, aliogopa kuzika mtoto wa tatu. Alitoka mbio kumwita Rosa, jirani yao, muuguzi wa zahanati. Rosa akaja na kile kifaa chake cha kusikilizia mapigo, akakiweka tumboni, akainamisha sikio. Akakihamisha. Akakihamisha tena.

"Yapo," akasema mwishowe. "Lakini yapo mbali sana. Nakwenda kuita bajaji, twende hospitali sasa hivi. Mwandalie nguo."

Luqmani alikuwa anatafuta kanga kabatini umeme ulipokatika. Pampu ikazima. Mapovu yakaisha. Mwanga uliobaki ulikuwa wa dirishani, wa kijivu, na msikitini adhana ndiyo kwanza inaanza.

Nyuma yake maji yakacheza.

Akageuka polepole...

Faraja alikuwa ameketi kitandani, mkono wake ndani ya tangi mpaka kifundo. Mawe yameuzunguka mkono ule. Yote. Yamebana ncha za vidole vyake, na vidole vimekuwa vyeupe, vimekunjamana, na maji yanapwita, yanapwita, wala hakuna kitu cha kuyatikisa.

"Faraja..."

"Shhh. Wananyonya."

"Toa mkono!"

"Subiri kidogo. Huyu wa mwisho hajashiba."

Luqmani aliuvuta ule mkono kwa nguvu zake zote, na anaapa mpaka leo kwamba kulikuwa na kitu kinavuta upande wa pili. Ulipotoka, alimimina maji sakafuni, akayazoa mawe kwenye sufuria, anahesabu kwa sauti. Tisa. Mlangoni bajaji ikapiga honi. Alitegemea mkewe atalia, atamng'ang'ania. Wapi! Faraja alijifuta mkono kwa kanga, shwari kabisa.

"Wapeleke tu," akasema. "Nimeshamaliza."

Rosa akampakia kwenye bajaji. Luqmani akakamata bodaboda ayarudishe mawe alikoyatoa, akapanda mlima na sufuria mapajani, kifuniko kikigonga njia nzima, hata pale pasipo na mashimo.

Bibi Semeni alikuwa barazani anapukuchua maharage kwa mwanga wa simu. Bibi huyu mdomo wake hauna breki. Kila mara humwita Luqmani kwa utani "mume wangu" na kumuuliza ameleta nini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umenikumbuka na sufuria, una wali humo?"

Luqmani akafunua kifuniko.

Utani ukaishia hapo. Ungo wa maharage ulimponyoka bibi, yakatapakaa baraza zima.

"Nani alikupa hawa?"

"Niliomba, bibi! Wallahi niliomba. Nilipiga hodi kabisa."

"Ukasema wewe ni nani?"

"Mume wa Faraja. Nimekuja kuchukua mawe."

Bibi akakaa chini kwenye sakafu, polepole.

"Mtoto wa ukoo huu akifa kabla ya jina," akasema, "sisi wanawake tunamwoshea jiwe, tunamlaza pale, ili asirudi kumtafuta mama. Wanaume hatuwaambii. Mume kwetu ni mgeni, baba, ukoo ni wa mama. Kama ungesema wewe mpita njia, wangekaa kimya. Wewe umekwenda kutamka jina la mama wa wawili kati yao. Watoto wamesikia baba amekuja kuwachukua."

 Luqmani alitamani kulia. Bibi akaanza kutoa mawe moja moja, anayapapasa kwa dole gumba na kuyalaza kwenye kanga.

"Huyu wa dada yangu. Huyu wangu. Na huyu wangu pia. Huyu wa mwanangu Zena..." Akafika la nane. "Huyu wa Faraja, yule wa pili." Akaingiza mkono, akatoa la mwisho. Akalipapasa. Akalipapasa tena.

"Wa kwanza wa Faraja yuko wapi?"

"Si huyo, bibi? Yako tisa, nimehesabu."

"Tisa ndiyo. Lakini huyu simjui."

Akampa alishike. Lilikuwa kavu, halina utelezi hata kidogo.

Lilikuwa na joto.

Simu ikaita. Luqmani aliruka kama aliyechomwa. Rosa alikuwa anapiga kelele upande wa pili.

"Hongera, baba! Tumefika tu getini, mtoto huyo! Mzima, analia kama king'ora! Mama naye presha imeshuka. Binti, baba, binti!"

"Binti? Kipimo si kilisema wa kiume?"

"Vipimo navyo! We mshukuru Mungu, njoo umwone mwanao."

Luqmani akalia palepale. Mtoto mzima! Mke mzima! Akamgeukia Bibi Semeni apate kigelegele. Bibi hakupiga kigelegele. Alilichukua lile jiwe mkononi mwake, akalikunja kwenye pindo la kanga, akalibana kifuani.

"Nenda kwa mkeo," akasema. "Huyu niachie."

Hospitali alimkuta Faraja ameketi, amepakata, uso umejaa nuru ambayo hajaiona tangu mwaka wa harusi. Mtoto alikuwa mnene, nywele ndefu mpaka shingoni, macho wazi. Hakuwa na ule uso wa kuduwaa wa watoto wachanga. Alimtazama Luqmani sawasawa, kama mtu anayemfahamu.

"Mgeni wetu mzuri," Luqmani akasema.

"Si mgeni," Faraja akanong'ona. "Ni yule wa kwanza. Hukumbuki lile doa sikioni?"

Lilikuwepo. Luqmani alilikumbuka. Alilibusu mara ya mwisho kabla ya kulifunika kwa sanda.

"Na yule aliyekuwa tumboni, Faraja? Mwanangu wa kiume yuko wapi?"

Faraja akamvuta mtoto kwenye titi, wala hakuinua macho.

"Amempisha dada yake."

Kisha akamnyooshea yule mtoto ampakate. Luqmani akampokea, afanyeje? Ni mwanawe huyu. Na yule wa kule mlimani, ambaye bado ana joto, naye ni mwanawe.