Alama za Upande Mmoja

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, kopo la rangi ya manjano lilianguka kutoka kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, kifuniko kikafunguka, na rangi ikamwagikia viatu vyeupe vya nesi.

Foleni nzima ilirudi nyuma. Nesi hakusogea. Mkono wake wa kulia ulishika komeo dogo la shaba. Wa kushoto ulikuwa kwenye plasta, kuanzia vidoleni hadi kiwikoni.

"Samahani, dada. Nitavisafisha," alisema mwanamume aliyeliangusha kopo.

"Utavisafishaje? Rangi ya mafuta haitoki."

"Kiatu kimoja kimepata zaidi. Nikipake na cha pili, vifanane?"

Nesi alicheka. Hakuwa amecheka kwa siku kumi na moja. Mwanamume yule alikuwa mrefu, amevaa ovaroli la kijivu lenye madoa ya manjano hadi kwenye kola. Aliitazama plasta, akalitazama komeo.

"Hilo ni la kabati la sukari," alisema. Akachukua rafuni komeo la chuma, nene kama kidole gumba. "Mlango unaopigwa mateke unataka hili."

"Nani kakuambia mlango wangu unapigwa mateke?"

"Hakuna. Nimeona mkono."

Aliyeuvunja mkono huo alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mchumba wake wa miaka miwili. Aliubana kwa mlango kwa sababu nesi alichelewa kupokea simu. Nesi alimrudishia pete, akahama. Dereva alikitafuta chumba kipya, akakipata, na kuupiga mlango wake mateke mara mbili.

Yule mwanamume alilifunga komeo siku hiyohiyo, kwa skrubu nane. Kazi yake ilikuwa kupaka alama kwenye njia ya matembezi: kilometa kumi na moja zinazoanzia penye maegesho ya magari, kupita msituni, kushuka kwenye bonde la mto, kuvuka daraja la mbao na kurudi palepale zilipoanzia. Nesi alimbatiza jina la Manjano.

Simu zikaanza, na hazikukoma hata plasta ilipotolewa na nesi akarudi kazini.

"Manjano, umekula?"

"Nimekula vumbi. Wewe?"

"Nimeshona vichwa vitatu vya watu wasiosikia la wake zao."

"Basi changu kiko salama, kipenzi. Mimi nasikia hata usilolisema."

"Mwongo! Juzi nilinyamaza, ukaumaliza mkate wangu wote."

Miezi mitano ilipita. "Kesho kutwa uko mapumziko," Manjano alimwambia. "Twende tukaizunguke njia. Mtu asiyeijua kazi yangu ananijua nusu."

Nesi alivaa gauni la buluu lenye vifungo hadi magotini, na vile viatu. Penye maegesho, Manjano aliandika kitu kwa chaki kwenye ubao wa mwanzo wa njia, kama alivyofanya kila siku ya kazi. Nesi alikuwa ameinama, akifunga kamba.

Walishika upande wa kulia wa duara. Msitu ulikuwa mkavu, majani yakivunjika chini ya miguu. Manjano alipita akikoleza alama zilizofifia, kopo wazi mkononi.

"Kila mita hamsini," alieleza, "kwenye kimo cha macho, zikimtazama anayekuja."

"Na anayerudi nyuma je?"

"Harudi mtu. Njia ni duara. Endelea tu, utafika."

Walifika darajani saa tano. Mto ulikuwa kimya, maji ya magotini. Dereva alitokea upande wa pili akiwa na spana ya magurudumu, ndefu kama mkono.

"Saa tano kamili," alisema. "Mpenzi wako anatunza ahadi."

"Ahadi gani?" nesi aliuliza.

"Kaandika mwenyewe. Watu wawili, upande wa kulia, daraja saa tano. Kikulacho ki nguoni mwako, nesi."

Manjano alipita mbele ya nesi, akaweka kopo chini. Pigo la kwanza lilimvunja mkono wa kulia, mifupa yote miwili. Nesi alisikia milio miwili. La pili lilimpasua paji la uso. La tatu lilimkosa, likapasua ubao wa ukingo. Manjano alianguka, akamkumbatia dereva miguu. Dereva alimpiga teke la mbavu, tena, tena, tena. Nesi alihesabu manne, na kwenye la nne alisikia pumzi ya Manjano ikibadilika.

Aliinua kopo kwa mikono miwili, akammwagia dereva rangi usoni.

Dereva alipiga kelele, akapunga spana bila kuona, ikampata nesi begani. Nesi hakuliachia kopo. Alimpiga nalo taya, akampiga tena palepale, akasikia meno. Dereva alirudi nyuma, akaegemea ukingo uliopasuka, ukavunjika naye akaanguka mtoni. Aliinuka akiwa ameshika macho, akaanza kutambaa kuelekea maji yaendako, akitukana.

"Nitakuua! Nitawaua wote!"

Nesi alichana pindo la gauni, akafunga paji, akalaza mkono uliovunjika juu ya kipande cha ubao. Tumbo la Manjano lilikuwa gumu, mapigo mia moja na thelathini. Anavuja damu ndani. Simu haikushika mtandao.

Mwendo mfupi ulikuwa kurudi walikotoka, kilometa nne. Alikimbia. Miti yote ilimpa mgongo: magome matupu, bila alama hata moja. Penye njia panda ya vijia vitatu alichagua vibaya, akarudi, akachagua vibaya tena. Alipoteza dakika hamsini kabla ya kufika penye maegesho, simu iliposhika mtandao akaita msaada.

Madaktari walimtoa Manjano bandama. Mmoja alimwambia nesi kwamba kwa nusu saa zaidi wangebeba maiti. Dereva alikamatwa jioni hiyo barabarani, uso wa manjano hadi masikioni. Aliwaambia polisi kwamba alikuwa akipaka nyumba. Mahakama ilimnyima dhamana.

Nesi hakwenda wodini. Wiki ya tatu, dada yake mkubwa aliishika simu iliyokuwa ikiita mezani.

"Ni yeye. Pokea."

"Sipokei. Dereva alijua tuko wangapi, upande gani, saa ngapi. Nani mwingine alijua?"

"Umemwuliza?"

"Dada, aliniuza."

"Nimekuuliza: umemwuliza?"

"Sijamwuliza."

"Basi ulichonacho ni maneno ya mtu aliyekuvunja mkono. Huko hospitalini kwenu ndivyo mnavyopima watu? Mnamwuliza adui wa mgonjwa?"

 Ilimchukua nesi wiki mbili zaidi kuyakubali maneno hayo. Jumanne ya wiki ya tano alipanda basi hadi penye maegesho, akasimama mbele ya ubao. Juu kabisa, kwa rangi ya mafuta iliyopasuka kwa jua, paliandikwa: *Kila afanyaye kazi njiani aandike idadi ya watu, upande, na saa ya kufika darajani.* Chini yake palikuwa na chaki ya asubuhi hiyo, herufi zikipepesuka: *Mtu 1. Kushoto. Daraja saa tano.*

Yeyote aliyeegesha gari angeweza kuusoma. Dereva alikuwa na gari.

Akashika njia, upande wa kushoto. Kila mti ulikuwa na alama mpya ikimtazama, iliyopinda. Penye njia panda ya upande huu, kwenye kijia kimoja tu, zilipangwa tatu, moja juu ya nyingine. Aligusa ya chini. Kidole kilitoka na rangi.

Manjano alikuwa darajani, mkono wa kulia kwenye plasta, kovu jekundu juu ya jicho, brashi mkono wa kushoto.

"Unapaka kama mlevi," nesi alisema.

"Mkono huu haujasoma, dada."

"Usiniite dada."

"Nilikupigia mara kumi na saba."

"Kumi na tisa." Alisimama mbali naye hatua tatu. "Nimeusoma ubao leo. Nilimwamini yeye, wewe sikukuuliza. Kosa ni langu."

"Langu je? Nilijua mtu anakuwinda, nikaandika saa na mahali. Mazoea ya kazi. Mkono uliandika, kichwa hakikuwepo."

"Na alama hizi?"

"Nilisema harudi mtu. Wewe ulirudi kunitafutia msaada, ukapotea kwa sababu yangu." Akaweka brashi juu ya kopo. "Mlango wako una komeo langu. Nimechoka kuwa upande wa nje."

"Unaniposa au unaomba kazi ya ulinzi?"

"Nakuposa. Ulinzi nimeshaushindwa."

"Mimi ndiye niliyempiga na kopo. Ulinzi niachie." Akazimaliza hatua tatu, akaweka kiganja penye mbavu zilizounga, taratibu. "Ndiyo."

Walizunguka hadi mwisho. Penye maegesho nesi alichukua chaki, akafuta mstari wa asubuhi, akaandika: *Wametoka. Watu 2. Saa nane na dakika tano.*