Mzigo wa Akida Maneno

Kilichomshtua Mwinjuma kwanza ni harufu. Mgonjwa wa ndui hunuka usaha, naye aliijua harufu hiyo, maana yeye na wapagazi wenzake watatu waliwahi kuugua ndui wakapona, na ndiyo sababu Wadachi waliwachagua. Lakini machela waliyoibeba kutoka Mgeta, iliyoshonewa turubai pande zote ili Felista, msichana mgonjwa aliyekuwa ndani, asiguswe na mtu, ilikuwa inanukia udi.

Amri ya bwana daktari ilikuwa moja: machela ikae hewani, mabegani, isiguse ardhi mpaka karantini ya Morogoro. Msimamizi alikuwa Akida Maneno, bingwa wa kufokea watu, aliyetangulia mbali mbele na kuruka kama panzi kila Felista alipokohoa. Asubuhi ile, kwenye chemchemi, alikuwa amefungua kitambaa cheupe ambacho wenyeji walimwekea jini wa maji, akajifunga puani.

"Bwana Akida, hicho kina mwenyewe," Mwinjuma alimwambia.

"Basi aje akidai bomani."

Walipofika kwenye mteremko, ukungu ukafunga njia. Sauti ya Felista ikapenya turubai, ndogo kama ya mtoto.

"Mjomba, mmemlaza nani juu yangu?"

"Uko peke yako, mwanangu."

"Hapana. Nywele zake zinanichuruzikia maji. Anauliza kitambaa chake kiko wapi."

Mti wa machela ukaanza kulia, na uzito ukaongezeka hatua kwa hatua mpaka miguu yao ikazama topeni, na ndani ya turubai, chini ya pumzi za Felista zilizokuwa zikikatika, wakasikia pumzi nyingine, ndefu, tulivu, za mtu asiye na haraka yoyote.

"Tunabeba wawili," Alois, mpagazi aliyekuwa nyuma ya Mwinjuma, alinong'ona.

"Itupeni bondeni!" Akida alipiga kelele kutoka mbali. "Nitaandika kafia njiani!"

Mwinjuma alimtazama kama mtu anavyotazama uchafu uliomganda mguuni. Kisha akaliinamia turubai.

"Felista, mwambie aliyekichukua ni yule aliye mbele. Amekivaa usoni."

Felista akanong'ona. Mara machela ikawa nyepesi, ikawaruka mabegani, nusura waiangushe. Huko mbele, Akida Maneno akakunja magoti, mgongo ukapinda, mikono ikarudi nyuma kama ya mtu aliyembeba mtoto mgongoni, na matone ya maji yakaanza kumdondoka kutoka mabegani ingawa mvua haikunyesha.

"Mshusheni! Jamani, nishushieni!"

Hakuna aliyesimama. Machela ilimpita ikiwa juu, ikafika karantini bila kugusa ardhi. Felista alipona, akarudi kwao kwa miguu yake, uso una makovu na macho mazima.

Akida alifika nyumbani kwake akiwa amepinda vilevile. Siku ya tatu mkewe, Asia, alifunga nguo zake akarudi kwa wazazi. Walipomuuliza, alisema angemvumilia mume hata akiwa kilema, ila hawezi kulala chumba kimoja na mke mwenza asiyefumba macho.