Bega la London, Bega la Napoli

Mikono ya watu wawili ililidaka jora moja la sufu ya kijivu, katikati ya msongamano wa maonyesho ya vitambaa huko Florence, Italia.

"Bibie, hili nimeliona mimi kwanza," alisema mwanamume mmoja. Koti lake la samawati lilimlalia mabegani kama shati.

Hester Pargeter, fundi suti wa London, alimtazama juu mpaka chini. "Na hilo ulilovaa ni koti, au nguo ya kulalia?"

"Sisi Napoli hatushoni ngome, bibie. Ona lako! Pedi mabegani, kifua kigumu kama ubao. Ukiguswa unajua kweli?"

Hester aliangua kicheko. Jora wakaligawana, namba za simu wakapeana.

Kwa miezi minane mwanamume huyo, Catello Iovine, alimpigia kila asubuhi.

"Umeamkaje, roho yangu? Bado unajenga kuta?"

"Nakujengea wewe uegemee, mpenzi."

Ndipo ukaja mtihani. Katika duka la suti alikofanyia kazi Hester London, hakuna mwanamke aliyewahi kuwa mkataji mkuu, fundi anayeongoza ukataji wa suti zote. Ili akipate cheo hicho, Hester alitakiwa ashone koti moja, mafundi watatu wazee walikague. Alimtumia Catello picha.

"Kiuno kizuri," alisema kwenye simu. "Lakini bega limekufa."

Miaka kumi na mmoja ya kudharauliwa dukani ilimrudia Hester. "Hata wewe, Catello!" Akakata simu, na kila alipopigiwa hakupokea.

Wiki mbili alikaa na hasira zake. Kisha akalivaa lile koti, akanyanyua mkono. Koti zima likapanda nao. Kweli, bega limekufa. Akafumua mabega, akatupa pedi, akapachika mikono upya kwa vikunjo vidogo vya Kinapoli. Kifua na kiuno akaviacha vya London, vimesimama imara.

Siku ya ukaguzi, mzee mkali kuliko wote alilijaribu, akanyoosha mikono, akazunguka mara mbili.

"Bega hili kakufundisha nani?"

"Mtu niliyemkatia simu."

Mzee akampa mkono. "Hongera, mkataji mkuu."

Hester alitoka mbio akampigie Catello. Mlangoni akagongana na Catello mwenyewe, katoka Napoli, kavaa koti zito la Kiingereza, jasho linamtiririka.

"Nimelishona ili nikuelewe," Catello alisema akihema. "Nilipolivaa nilisimama kama mfalme. Nisamehe, laazizi, nilisema ovyo."

"Ulisema kweli, ila vibaya. Nimeshinda, Catello!"

Catello akapiga ukelele wa furaha, watu wakageuka njiani.

"Nikuombe kitu, mkataji mkuu?"

"Omba haraka, utazimia kwa joto."

"Nikuoe."

"Vua koti kwanza," alisema Hester, machozi yakimlengalenga, "nami nakubali."