Vifaranga wa Kambare Juu ya Gunia

Munyi na mkewe Rwamba walikuwa na shamba la kahawa karibu na Runyenjes. Upande wa bondeni waling'oa mistari miwili ya mibuni, wakachimba bwawa la samaki. Wazo lilikuwa la Rwamba. Munyi alikubali shingo upande.

"Samaki wakifa, nitalifukia hili shimo nirudishe kahawa yangu," alisema.

"Sawa, Baba Ireri. Lakini usiwaombee kifo."

Rwamba alinunua vifaranga wa kambare, wadogo kuliko kidole. Kila asubuhi, akishakamua ng'ombe, aliwapelekea chakula. Baada ya muda aliona baadhi wamewapita wenzao kwa ukubwa. Wakubwa walikuwa wanawala wadogo. Ilibidi watenganishwe.

Wambeti, mama yake Munyi, alijitolea. Kwenye kiwanda cha kahawa hakuna aliyemshinda kuchagua matunda mabivu na mabichi.

"Lete gunia," alisema. "Hii ni kazi yangu."

Alinawa mikono kwa sabuni, akaifuta, akatandika gunia kavu kando ya bwawa. Rwamba akawavua vifaranga kwa wavu na kuwamwaga hapo. Vidole vya Wambeti vilikwenda mbio. Wakubwa huku, wadogo kule. Samaki waligaagaa juu ya gunia mpaka kazi ikaisha. Wakubwa walirudishwa bwawani, wadogo wakatiwa kwenye tangi.

Siku chache baadaye, vifaranga walianza kuelea wakiwa wamekufa. Waliobaki walikuwa na madoa meupe mgongoni, na mapezi yao yalikuwa yamelika.

Munyi alitazama, akasema, "Jumamosi nafukia."

Rwamba alimpigia simu Kanana, afisa wa uvuvi mjini Embu. Ijumaa Kanana alifika kwa pikipiki. Aliokota samaki mmoja aliyekufa, akamgeuzageuza.

"Nani aliwashika hawa?"

"Ni mimi, madam," alisema Wambeti. "Niliwachagua kama kahawa. Na mikono nilikuwa nimenawa."

"Mama amewaua kwa usafi," alisema Munyi.

"Wewe nyamaza. Hata kahawa hujui kuchagua."

Kanana alichota samaki wawili walio hai pamoja na maji ndani ya beseni. "Cucu, bibi yangu, lowesha mkono, umguse huyu polepole. Unasikia nini?"

"Anateleza."

"Na huyu mwenye doa?"

"Hapa penye doa hatelezi."

"Ule utelezi ni ute. Ndio kinga yake ya kwanza. Bakteria wamo katika maji ya kila bwawa. Wakimgusa samaki mzima, wengi hunaswa kwenye ute, na ute una vitu vya kuwaua. Gunia lilifuta ute na kukwaruza ngozi. Hapo bakteria wakapata pa kuingilia."

"Wakishaingia, mwili haupigani?" aliuliza Rwamba.

"Unapigana. Chembe za damu hukimbilia kwenye kidonda na kuwameza bakteria. Hata samaki mchanga anazo. Lakini bakteria wakiwa wengi, chembe zake huzidiwa."

"Kuku tunawachanja wakiwa wadogo," alisema Munyi. "Kwa nini hawa wasichanjwe?"

"Hawa ni wachanga mno. Kinga ya kuukumbuka ugonjwa hukomaa baadaye. Ndama huongezewa kinga na maziwa ya kwanza ya mama yake. Kambare hanyonyi. Alichopewa ndani ya yai huisha mapema."

"Basi nimwage dawa ya kuku."

"Usimwage, mzee. Dawa ya kubahatisha huwafundisha bakteria kuizoea. Kesho dawa ikishindwa kuwaponya watoto wako, utamlaumu nani?"

Kanana aliwaonyesha la kufanya. Waliokufa waliopolewa na kuzikwa mbali na maji. Wagonjwa walihamishiwa kwenye tangi la peke yao, na Kanana mwenyewe akapima chumvi ya kutia humo. Sehemu ya maji ya bwawa ilibadilishwa. Chakula kilipunguzwa, kisije kikabaki na kuoza.

"Sitafukia kesho," alisema Munyi. "Lakini wakiendelea kufa, nafukia."

Bado wengine walikufa. Kisha vifo vikapungua, halafu vikakoma. Karibu nusu ya samaki walikuwa wamepotea.

Wakati wa kuwatenganisha tena ulipofika, gunia lilibaki ghalani. Wambeti alichagua samaki ndani ya beseni lililojaa maji ya bwawa, kwa kichujio cha wavu laini na mikono iliyolowa. Aliwachukua wachache wachache. Kazi ilikwenda taratibu, naye alilalamikia mgongo, lakini wiki zilizofuata hakuna doa lililoonekana.

Mara ya tatu Munyi alitoka kupalilia, akaja kutazama. Samaki walikuwa wamefikia urefu wa kiganja. Akainama kumshika mmoja. Mama yake akampiga kofi mkononi.

"Mkono mkavu? Unataka kutuanzishia tena?"

Munyi alinawa udongo, akaloweka mikono yote miwili kwenye ndoo ya maji ya bwawa. Alimwinua kambare mnene kwa kichujio, akamgeukia mkewe.

"Huyu aende wapi, Mama Ireri?"

"Bwawani," alisema Rwamba.

Munyi akampeleka.