Vifungo vya Kitinda

Kila asubuhi ya likizo, kabla cherehani haijaanza kulia, Nadhifu alikuwa ameshafagia chumba cha mbele, ameipanga mikasi kwa ukubwa na kukunja mabaki yote ya vitambaa yaliyomwagika jana. Jina hilo hakupewa na wazazi. Majirani walimbandika, nalo likamganda. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ukikiona kitanda chake ungeapa kwamba hakuna anayekilalia.

Mama yake alikuwa fundi wa nguo. Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: kilichopinda hufumuliwa. Mshono ukienda kombo hata kidogo tu, Mama huguna, huchukua wembe na kuufumua wote. "Mteja havai visingizio," husema, kisha huanza upya. Nadhifu alikua na sheria hiyo masikioni, na aliipenda kuliko hata mwenyewe aliyeitunga.

Likizo hii alipewa kazi kubwa kuliko kufagia. Mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, alikuwa anakaribia miaka mitano, na mwalimu wa chekechea alikuwa amesita kumpokea katika darasa la awali.

"Fundi, mtoto ana akili huyu," mwalimu alimwambia Mama, "ila mikono yake bado imelala. Kwangu anaingia mtoto anayeweza kuanza kitu kwa mikono yake akakimaliza. Likizoni mchezesheni nyumbani. Sisemi mumkalishe na daftari, nasema mumchezeshe! Shule ikikaribia kufunguliwa mniletee nimwone. Akiwa bado, itabidi abaki na wadogo mwaka mwingine."

Kubaki na wadogo! Rafiki yake Kitinda wa mlango wa pili alikuwa ameshapokelewa, na tayari alikuwa anavaa viatu vya shule hata kwenda chooni. Kila siku Kitinda alimuuliza Mama, "Na mimi nitakwenda naye?" Mama alikuwa amezama katika sare za shule za watoto wa watu, hana hata nafasi ya kujikuna. Baba yao, dereva wa lori, alikuwa safarini. Basi Mama akamgeukia Nadhifu.

"Mwanangu, mchezeshe mdogo wako. Nakutegemea."

Nadhifu aliichukua kazi hiyo kwa moyo wote, na hapo hakuna wa kumlaumu. Nyumba ya fundi ina vitu vingi vya kuchezea kuliko duka. Alichukua trei tupu la mayai, akamwambia Kitinda atenge vifungo kwa rangi, vyekundu huku, vyeupe kule. Alimpa kamba ya kiatu atunge vifungo vikubwa, huku wakihesabu kwa kuimba. Alitandaza unga kidogo kwenye sinia ili Kitinda aandike herufi kwa kidole. Walitafuta soksi pacha kwenye kapu la nguo, wakapima meza na mlango kwa futi ya Mama, wakamiminiana maji vikombeni hadi sakafu ikawa bwawa.

Kitinda alicheka mpaka akapata kwikwi. Lakini mikono yake ilikuwa mikono ya mtoto. Kifungo cheupe kiliingia kwa vyekundu. Herufi A ilikaa kama kiti kilichovunjika mguu. Kwenye kamba, vikubwa vilichanganyika na vidogo, vingine vikatazama nyuma.

"Ah, hapana. Lete hapa," Nadhifu husema, na papo hapo huvichomoa vyote. Huvitunga mwenyewe, kikubwa, kidogo, kikubwa, kidogo, kisha huiinua kamba juu. "Umeona? Hivi ndivyo inavyotakiwa."

Mwanzoni Kitinda alilia. Baadaye akaacha kulia, akawa anakaa tu, mikono mapajani, anamtazama dada yake akicheza. Nadhifu hakuliona hilo. Yeye aliiona kazi, na kazi ilipendeza. Aliipanga yote kwenye boksi la viatu: vifungo vilivyotungwa kwa mpangilio, vitambaa vilivyokatwa pembe sawasawa na kugandishwa kwenye kadibodi, herufi zilizoandikwa kwa chaki ya fundi. Jioni Mama alichungulia boksi lile juu juu, macho yamechoka.

"Kitinda amefanya haya?"

"Ndiyo, Mama. Tumefanya pamoja."

"Hongereni," Mama akasema, akarudi kwenye mashine.

Siku ya kwenda shuleni ikafika. Mama alikuwa na mteja anayesubiri, kwa hiyo Nadhifu alimpeleka mdogo wake. Nyuma yao alifuata Redio, dada mkubwa wa yule rafiki wa Kitinda, ambaye hakuitwa Redio kwa sababu ya kupenda muziki. Akipata habari asubuhi, mchana mtaa mzima umeshaisikia.

Mwalimu alilifungua boksi, akatoa kitu kimoja kimoja. Alitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nadhifu alihisi kifua kinajaa.

"Kazi nzuri hii," mwalimu alisema. Kisha akamimina vifungo mezani, akaweka kamba kando yake. "Haya Kitinda, nitungie na mimi vichache."

Kitinda alivitazama vile vifungo. Akamtazama dada yake. Akairudisha mikono nyuma ya mgongo.

"Usiogope, baba. Tunga tu."

"Mpe dada," Kitinda akasema.

"Dada? Kwani si wewe uliyetunga hivi?"

"Siyo mimi. Dada ndiye anatunga. Mimi nikitunga anafumua."

Redio aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Mwalimu hakucheka, lakini macho yake yalihama polepole kutoka kwa Kitinda hadi kwa Nadhifu, na afadhali angecheka.

"Binti," akasema kwa upole, "wewe ningekusajili leo hii, ila umeshapita umri. Huyu ndiye ninayemtaka. Mrudishe Ijumaa. Ijumaa ndiyo mwisho, sina nafasi ya kungoja zaidi."

Njiani Nadhifu hakumshika mdogo wake mkono. Alitangulia mbele, machozi yanamchoma machoni, na moyo unamuuma kama umekanyagwa. Likizo nzima! Wenzake walicheza rede mpaka wakachakaa, yeye alijifungia ndani na mtoto huyu. Alimwimbia, alimfuta kamasi, alimbembeleza. Na leo mtoto huyuhuyu anasimama mbele ya mwalimu, tena mbele ya Redio, anamuumbua. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Na kweli asante ya punda ni mateke.

"Simchezeshi tena!" alimwambia Mama walipofika, huku akilitupa boksi chini. "Amenisaliti! Nimefanya yote yale kwa ajili yake, halafu ananigeuka mbele za watu!"

Mama alisimamisha mashine. Alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu. "Amesema uongo?"

Nadhifu akageuza uso ukutani.

"Basi tutaongea ukipoa," Mama akasema. Akageukia sare.

Hakupoa. Siku hiyo na siku iliyofuata alimpita Kitinda kama anapita stuli. Kitinda alipomletea soksi mbili, moja ya bluu na nyingine ya bluu vilevile, akisema, "Dada, hizi pacha," Nadhifu alijibu, "Kamwambie mwalimu wako." Mtoto aliziangalia zile soksi, akazirudisha kapuni moja moja. Nje, Redio alikuwa amemaliza kutangaza. Watoto wa mtaa walipomwona Nadhifu waliimba, "Mpe dada! Mpe dada!" Kila walipoimba, hasira yake kwa Kitinda iliongezeka.

Siku moja kabla ya Ijumaa, alikuwa akifagia chini ya meza ya kukatia. Ufagio ukagonga kitu nyuma ya gunia la mabaki. Akaingiza mkono, akatoa soksi kuukuu iliyofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na kamba ya kiatu.

Ilikuwa imetungwa vifungo. Vikubwa viwili, kidogo, kikubwa, vidogo vitatu, kimoja kimetazama nyuma, na cha mwisho kimebanwa kwa fundo kubwa la ovyo ili visidondoke. Palikuwa pia na kipande cha kitambaa chenye herufi A tatu za chaki, kila moja imelalia upande wake.

Nadhifu hakuwaza. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye fundo lile, vikaanza kulilegeza.

"Usifumue!"

Kitinda alikuwa mlangoni. Alimrukia, akaikumbatia kamba kifuani kwa mikono yote miwili, akalia. Hakikuwa kile kilio cha kutaka kitu. Kilikuwa kilio cha mtu aliyekwisha kunyang'anywa mara nyingi, na anajua atanyang'anywa tena.

"Sifumui," Nadhifu akasema. "Kitinda, sifumui. Umetunga wewe?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Lini?"

"Ukienda dukani."

"Mbona ukaificha huku?"

Kitinda alimtazama kwa mshangao, kana kwamba swali lenyewe ni la kijinga. "Nimekuficha wewe."

Nadhifu alikaa chini, palepale kwenye vumbi ambalo hajamaliza kulifagia. Siku zote hizi alikuwa amembeba mtoto huyu moyoni kama msaliti. Kumbe mtoto alikuwa anacheza kwa kujiiba katika nyumba yao wenyewe. Anamchungulia dada yake akitoka ndipo achukue vifungo, na anavificha nyuma ya gunia akimsikia anarudi. Aibu aliyoipata shuleni ilikuwa ndogo mbele ya hii, maana ya shuleni waliiona watu, na hii aliiona mwenyewe.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama alikuwa amegeuka kwenye kiti, miwani mkononi.

"Mama," Nadhifu akasema, "mimi nilidhani namsaidia. Nilifanya kama wewe. Kilichopinda..."

"Hufumuliwa," Mama akamalizia. Akashusha pumzi. "Na mimi nina kosa. Niliona boksi lile, nikajua mkono wa mtoto haukati pembe vile, lakini nilikuwa na haraka na sare. Nikajifanya sijaona. Njoo hapa, mwanangu."

Nadhifu akasogea.

"Nafumua nguo ya mteja kwa sababu mteja anataka nguo. Hataki kujua kushona. Huyu hataki nguo, anataka mikono. Wewe ulipoanza kushika sindano, mshono wako wa kwanza ulikwenda kama njia ya siafu. Unajua niliufanya nini?"

"Uliufumua."

"Nani kakwambia? Niliuvaa. Nilikwenda nao sokoni, nimejifunga kichwani kitambaa ulichokishona, watu wakanicheka, nikawaambia kashona binti yangu."

Nadhifu alilia sasa bila kujificha. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Nisamehe, Kitinda. Nilikukosea. Nilichukua kazi yako, nikadanganya watu kwamba yangu ndiyo yako."

Kitinda alifikiri. "Unanichezesha tena?"

"Ukitaka."

Alitaka, lakini hakumwamini. Walipokaa na vifungo jioni ile, alimpa dada yake mgongo, akatungia mapajani mwake kama mtu anayekula peke yake. Nadhifu alistahili, na alijua. Alikalia viganja vyake. Kitinda alihesabu, "Moja, mbili, tatu, nne, sita," na Nadhifu akaung'ata ulimi.

"Umesahau mtu," Mama akachombeza kutoka kwenye mashine. "Kuna mmoja hapo katikati umemwacha nje, ananyeshewa."

Kitinda akasimama, akarudi nyuma kwa kidole. "Nne... tano! Tano, ingia ndani!" Wote watatu wakacheka.

Ijumaa Mama alifunga kazi, akaenda nao. Mwalimu alimimina vifungo, safari hii bila kulifungua boksi lolote. Kitinda alivuta stuli, akatoa ulimi nje pembeni, akaanza. Kimoja kilianguka, akakifuata chini ya meza, akarudi nacho. Kingine kiligeuka. Nadhifu alitazama dirishani, kwa sababu kutazama mezani kulimshinda. Ilichukua muda mrefu. Hatimaye mtoto akafunga fundo lake kubwa la ovyo, akaiweka kamba mbele ya mwalimu.

"Nani ametunga?" mwalimu akauliza.

"Mimi," Kitinda akajibu, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Dada amekaa tu."

"Basi tutaonana shule ikifunguliwa," mwalimu akasema, akaandika jina lake.

Jioni hiyo Kitinda alitunga kamba nyingine mezani, mbovu kuliko ya kwanza kwa sababu ya furaha. Rafiki yake akamwita nje. Aliruka kutoka kwenye kiti, akakimbia, na kamba ikabaki pale juu ya meza, hajaifunga fundo, mita moja tu kutoka kwa dada yake. Nadhifu alimwangalia Mama. Hakuigusa.

"Umeona?" Mama akasema taratibu. "Kusajiliwa ni jambo la mwalimu. La kwako ni hili. Kazi ya mtu, hata ikiwa imepinda, ni yake, na ukiitengeneza bila ruhusa yake umemwibia. Ukiionyesha kwa watu ukasema ni yake, umemwibia mara ya pili. Leo ameiacha mezani, hajaificha. Ilinde mpaka arudi."

Nadhifu akavuta kiti, akakaa kuilinda.