Kizimba cha Kishindo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilifungua kizimba cha Kishindo, mbwa wetu mdogo, na kumpeleka uani akojoe. Kizimba alikitengeneza Babu, seremala mstaafu, kwa mbao za kitanda changu cha zamani.

"Mbwa hapendi kuchafua anapolala," alinieleza. "Mtoe akiamka, mtoe akishakula, msifu akijisaidia nje. Lakini usimfungie muda mrefu. Naye ana kibofu kama wewe."

Mama, ambaye ni muuguzi, hakuwa na mchezo. "Akichafua nyumba yangu tena, anarudi kwa daktari wa mifugo aliyetupatia. Mmenisikia, wewe na babu yako?"

"Tumesikia, bosi," Babu akajibu, nami nikacheka.

Jumamosi Mama alikwenda kazini. Nilimlisha Kishindo, nikamfungia, nikakimbilia kwa jirani kuruka kamba. Dakika tano tu, nilijiambia. Niliporudi, alasiri ilikuwa imekwisha. Kishindo alikuwa amejikunyata, amelowa, mkia ameufyata. Uchafu ulikuwa umechuruzika hadi kwenye zulia. Na Mama alikuwa amesimama mlangoni, bado amevaa sare.

"Nani alipaswa kumtoa?"

Babu alitoka chumbani akifikicha macho. Wiki ile alikuwa amesahau miwani mara mbili na chai jikoni mara moja. Nilijua hilo. Ndiyo maana nikasema, "Babu, si nilikuomba umtoe wewe leo?"

Babu alikunja uso, akitafuta kichwani kitu ambacho hakikuwemo. Miaka imepita na Babu hayupo tena, lakini uso ule naukumbuka kuliko picha zake zote.

"Uliniomba?"

"Ndiyo, Babu. Ukaitikia."

"Basi nisamehe, mwanangu," akamwambia Mama. "Kichwa hiki kimeanza kunitupa."

Alichukua ndoo na tambara, akapiga magoti kwa shida. Nami nikamwacha asafishe.

Kesho yake, tukiwa mezani, alimsogezea Mama funguo za karakana yake. "Kaa nazo. Mtu anayesahau kiumbe hai hafai kushika msumeno."

Niliweka mkate chini.

"Babu hakusahau!" nikasema. "Sikumwomba. Nilikuwa nacheza."

Nilisubiri kofi. Halikuja. Babu alitazama mikono yake. "Sikupata usingizi," akasema polepole. "Nilikuwa nataja majina ya ndugu zangu wote, nione kama bado ninayo."

Mama akanionyesha funguo kwa kidole. "Mrudishie mwenyewe. Kwa mikono miwili."

Nilimrudishia bila kumtazama.

Tangu siku hiyo nilimtoa Kishindo kwa wakati, mvua inyeshe, jua liwake. Wiki ya tatu akaanza kukwaruza mlango wa kizimba mwenyewe akibanwa. Mama akaacha kumtaja daktari. Lakini mimi bado nilipita karakana nimeinamisha kichwa, hadi Babu aliponiita.

"Mbona unapita kama mdaiwa? Kishindo akichafua, tunafuta, tunamfundisha tena. Na kosa lako nimeshalifuta. Ila sikiliza, mjukuu wangu: ukimpaka mwenzako uchafu wako, wewe hutakati. Mnakuwa wachafu wawili."

Nikaitikia kwa sauti ndogo.

"Haya," akasema, "nishikie ubao huu. Usitikisike."