Mgonjwa wa Alhamisi

Nilikuwa nimesimama mbele ya kamati ya nidhamu, nasoma kwa sauti sababu za kumfukuza kazi rafiki yangu, mlango ukafunguliwa... akaingia mama yangu mzazi.

Ndiyo, mama. Mguu mmoja una kiatu, mwingine una bandeji na ndala.

Sikumwita mimi. Sikujua hata kama anaumwa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hii aibu imenikaa kooni tangu wiki juzi, na nisipoitema hapa sijui nitaitemea wapi.

Nilikuwa mratibu wa rasilimali watu kwenye wakala mmoja wa serikali. Kwa lugha nyepesi, mambo ya ajira, likizo na watoro yote yalipita mezani kwangu. Cheo chenyewe nilikuwa nakaimu tu, na Mkurugenzi alikuwa mbioni kunithibitisha.

Mliowahi kukaa kiti hiki mnanielewa. Siku unapokikalia, ukoo unaongezeka. Binamu wa shemeji wa jirani yenu wa zamani anakuja na vyeti vyake kwapani, anakuita dada, anataka kazi. Ukimwambia serikali inatangaza nafasi, anakuona unaringa.

Nikachoka. Nikamwita binti wa mapokezi.

"Mtu yeyote akija akasema ni ndugu yangu, mwambie niko kikaoni."

"Ndugu yeyote, dada?"

"Yeyote. Na usinipigie kuniuliza."

Nikajiona mjanja kweli.

Sasa huyo rafiki. Ofisini tunamwita Kicheko. Yuko masijala, chumba cha mafaili mwisho wa korido, na akicheka huko hadi uhasibu wanasikia. Tuliajiriwa siku moja, tukapanga chumba kimoja, na kwenye harusi yangu yeye ndiye aliyekimbizana na wapishi. Kwetu alikuwa mtoto wa nyumbani.

Nilipopata cheo nikaanza kujivuta pembeni. Chakula cha mchana nakula peke yangu, mlango nimeufunga. Nilijiambia bosi hapaswi kuzoeleka.

Siku moja akaja ofisini kwangu, hata hakukaa.

"Shoga, naomba ruhusa ya Alhamisi asubuhi. Kila Alhamisi, kwa muda. Nina mgonjwa nampeleka kusafishwa kidonda."

"Mgonjwa wako nani? Mzazi? Mume? Mtoto?"

"Hapana. Ni mama wa rafiki yangu."

Jamani... nilicheka. Nilicheka kweli.

"Na huyo rafiki yako kazi yake nini? Hana miguu ya kumpeleka mama yake?"

Kicheko akanitazama. Macho hakuyaondoa, hadi nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Ana shughuli nyingi," akasema.

"Basi utaratibu haumtambui mama wa rafiki. Rudi kazini."

Alirudi. Lakini Alhamisi ikifika, mashine ya kuweka kidole inaonyesha ameingia karibu na adhuhuri.

Mwezi uliofuata Mkurugenzi akafoka kwenye kikao. Watoro wamezidi, anataka mmoja awe mfano kwa wengine. Wote tukainamisha vichwa. Mimi nikainua mkono.

"Nitaanza na rafiki yangu, mkuu. Ili watu wajue sina upendeleo."

"Huyo ndiye kiongozi," akasema mbele ya wote.

Nilitembea siku nzima kichwa juu. Nikaandika mashtaka mwenyewe, na mwishoni nikaongeza sentensi moja: mtumishi hakuomba ruhusa. Aliomba, najua aliomba. Ila aliomba kwa mdomo, nikajidanganya kwamba mdomo si maandishi.

Ndipo tukafika kwenye kile chumba.

Kicheko alikaa peke yake upande wa pili wa meza, mikono mapajani. Mwenyekiti, ambaye ni mwanasheria wetu, mwanamke asiyecheka na mtu, alimuuliza huyo mgonjwa ni nani.

"Siwezi kumtaja, mheshimiwa. Nilimuahidi."

"Unajua unaweza kupoteza kazi?"

"Najua."

Nami nikasoma, sauti nimeikaza. Nikafika kwenye ile sentensi yangu ya mwisho, hakuomba ruhusa, mlango ukafunguliwa. Mlinzi alikuwa nyuma ya mama anaomba radhi, anasema bibi amegoma kuondoka.

Wajumbe wote wakasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Msinifukuze, sikai sana. Nimempigia huyu mtoto asubuhi, mbona leo hunifuati? Akaniambia ameitwa hapa kwa ajili ya Alhamisi zake. Hizo Alhamisi ni zangu."

Kicheko akafunika uso kwa viganja.

"Nina sukari," mama akaendelea. "Kidole cha mguu kilianza kuoza. Huyu ndiye ananifuata nyumbani, ananipeleka hospitali, ananirudisha, halafu anakimbilia kazini. Nilimuapisha asimwambie binti yangu. Binti yangu yuko hapahapa, ni mkubwa, muulizeni, atawaambia huyu mtoto si mtoro."

Akageuka. Akaniona nimesimama na makaratasi mkononi.

Uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Aa, kumbe upo! Afadhali. Umekuja kumtetea mwenzio."

Wasomaji wangu, nimewahi kuanguka mtihani. Nimewahi kuachwa na mchumba, nguo za sare zimeshashonwa. Sijawahi kujisikia mdogo namna ile.

"Mama," nikasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia kwenye simu mguu unanisumbua. Ukanitumia hela ya dawa ya kupaka. Nikaona labda hujaelewa, nikaja hapa mwenyewe. Nikaambiwa uko kikaoni. Nikangoja. Nikaambiwa bado uko kikaoni." Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza njia. "Huyu akapita pale mapokezi, akaniona, akainama kuuangalia mguu. Nikamwambia usimsumbue mwenzio, ana majukumu."

 Siku hiyo sikuwa na kikao chochote. Nilikuwa ofisini kwangu, mlango nimeufunga, nakula.

Mwenyekiti akanigeukia, akauliza taratibu.

"Mratibu, kesi hii imebaki kwenye jambo moja. Kama aliomba ruhusa akanyimwa bila kusikilizwa, ni kosa la ofisi. Kama hakuomba, ni la kwake, na sitaweza kumsaidia. Aliomba au hakuomba?"



Mkurugenzi, aliyekuwa amekaa pembeni tangu mwanzo, alikuwa ananiangalia. Nikisema aliomba, nimekiri mbele yake kwamba niliandika uongo, na cheo ndiyo basi tena. Nikisema hakuomba, nani atanipinga? Tulikuwa wawili tu siku ile.

Na niwaambie ukweli, niliwaza. Mama yangu amesimama pale na mguu wake, na mimi bado nawaza.

Kicheko hakuniangalia kabisa. Hilo ndilo lililonimaliza. Hakutegemea kitu kutoka kwangu.

"Aliomba," nikasema. "Alisema ni mama wa rafiki yake. Nilimcheka, nikamkatalia. Hiyo sentensi niliiandika nikijua si kweli."

Mama alinitazama, akatazama makaratasi mkononi mwangu, na hapo ndipo akaelewa nilikuwa upande gani wa ile meza.  Alitafuta kiti, akakaa.

Mashtaka yakafutwa palepale. Jioni yake Mkurugenzi akanivua ule ukaimu, nami nimepewa barua ya kujieleza. Silalamiki, hiyo ni haki yangu kabisa. Kicheko yuko masijala kama kawaida. Tukikutana kwenye korido anaitikia salamu vizuri tu, ila kuniita shoga kumekwisha. Sasa ananiita Mratibu, wakati hata cheo chenyewe sina.

Mngedhani aibu iliishia hapo.

Alhamisi iliyofuata nikaomba ruhusa, nikamfuata mama mwenyewe. Nilikosea njia ya kufika kliniki, mama ndiye akanielekeza. Kwenye chumba cha vidonda, muuguzi akampokea kwa bashasha, akachungulia nyuma yetu mlangoni.

"Mama, leo binti yako yuko wapi?"

Alikuwa anamuulizia Kicheko.

Nikafungua mdomo nijitambulishe. Mama akaniwahi, akanigusa mkono.

"Yuko kazini, mwanangu. Huyu ni mkubwa wake wa kazi, amekuja badala yake."

"Oo, karibu bosi. Mna mfanyakazi mwenye roho nzuri sana."

Niliumia, halafu nikaelewa. Mama alikuwa ananisitiri. Angesema mimi ndiye binti, yule muuguzi angeniuliza nilikuwa wapi muda wote huo, na mama alijua sina jibu.

"Asante," nikamwambia muuguzi. "Ni kweli, ana roho nzuri."

Nikashika mkoba wa mama, nikasogea ukutani kumpisha muuguzi afanye kazi yake.

Wewe uliyesoma hadi hapa, somo langu ni dogo. Mzazi akikuambia panauma, usikimbilie kutuma hela. Muulize panauma wapi, halafu nyamaza hadi amalize kusema. Mimi sikuuliza, na sasa kuna chumba kimoja hospitalini ambako mama yangu ana binti, na binti huyo si mimi.